Picha Isiyo na Isnadi

Barazani petu, baada ya sala ya Alasiri, mazungumzo hayakosi mada. Juma lililopita kijana mmoja, tena mwenye elimu yake, alitusimulia kisa cha mchoraji wa Kiholanzi aliyeitwa Han van Meegeren. Mtu huyo aliwauzia matajiri wa nchi yake, na baadaye mmoja wa wakuu wa utawala wa Hitler, picha alizozichora kwa mkono wake mwenyewe huku akidai kuwa ni za fundi aliyekufa karne tatu kabla. Baraza zima lilicheka. Kisha watu wakamsifu, wakasema huyo ndiye mwanamume, amewachapa wakubwa kwa fimbo yao. Mzee mmoja peke yake ndiye aliyeuliza: "Na yule fundi wa asili, jina lake lilikuwaje?" Hakujibiwa.

Nimeona ni wajibu wangu kulijibu swali la mzee huyo katika safu hii. Sikusudii kuwaharibia vijana kicheko chao. Ila visiwa vyetu vinaendeshwa kwa hati, kwa mihuri na kwa ushahidi wa watu waaminifu. Mashamba yetu, mikarafuu yetu, nyumba zetu za wakfu na vyeti vya watoto wetu vyote vimeegemea maandishi ambayo mtu fulani aliyatazama akasema ni ya kweli. Jamii inayomshangilia mghushi wa ng'ambo leo, kesho itakuwa na ulimi mzito wa kumkemea mghushi wa mtaani kwake. Kwa hiyo yafaa tumjue mtu huyu alikuwa nani, alifanya nini, na alikuwa akitaka nini.

Van Meegeren alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1889 katika mji wa Deventer, mashariki ya Uholanzi. Baba yake alikuwa mwalimu, mtu mkali asiyeona faida yoyote katika uchoraji. Inasimuliwa kwamba alikuwa akimwadhibu mwanawe kwa kumwandikisha mara mia maneno ya kujidharau, kwamba yeye si kitu, hajui kitu wala hawezi kitu. Sisi tuliopitia chuoni, tulioandika ubao, tukaufuta na kuuandika tena, twajua kuwa neno linaloandikwa na mtoto mara nyingi humwingia moyoni. Lakini twajua pia kuwa wengi wetu tuliionja bakora ya mwalimu na bado hatukughushi chochote. Ukali wa mzazi waweza kuieleza huzuni ya mtu. Hauwezi kumfutia dhambi yake.

Katika skuli alimpata mwalimu mwengine, Bartus Korteling, mchoraji aliyeyapenda mambo ya kale. Huyo alimfundisha namna mafundi wa karne ya 17 walivyosaga rangi zao wenyewe kutokana na mawe na madini. Mwaka 1907 baba yake alimpeleka Delft kusomea ujenzi wa majumba, na kwa kadari ya Mungu, Delft ndio mji alikozaliwa na kufia Johannes Vermeer, fundi mkubwa aliyeishi baina ya 1632 na 1675. Kijana hakumaliza masomo ya ujenzi, lakini mwaka 1913 alipata nishani ya dhahabu kwa mchoro wa ndani ya kanisa moja la Rotterdam. Alifanya maonyesho ya kazi zake The Hague mwaka 1917 na tena 1922. Mchoro wake wa paa mdogo, wa mwaka 1921, ulipendwa mno na nakala zake zilitundikwa katika nyumba nyingi. Kwa hiyo hakuwa mtu aliyenyimwa riziki. Alikuwa na mkono mwepesi, na wateja alikuwa nao.

Alilolikosa ni heshima ya wahakiki. Hao walisema kwamba mkono wake ni hodari lakini hauna jipya la kusema, kwamba anarudia yaliyokwisha kusemwa na mabwana wa kale. Maneno hayo yalimchoma. Katika maelezo aliyoyatoa baadaye alidai kuwa ndiyo yaliyompeleka kwenye kughushi: alitaka kuwaonyesha wajuzi hao kuwa hawajui kitu, kisha ajitokeze mbele yao na kuwaaibisha. Hiki ndicho kisa kilichosimuliwa kwa miaka mingi, na ndicho kilichosimuliwa barazani kwetu. Tutakirejea, maana hesabu zake hazilingani.

Mwaka 1932 alihamia Roquebrune, kusini mwa Ufaransa, akapanga jumba na kuanza majaribio. Shida aliyokabiliana nayo ilikuwa hii. Rangi ya mafuta huchukua miongo mingi kabla haijakauka na kuwa ngumu hasa. Mjuzi akiisugua picha kwa pamba iliyotiwa spiriti, rangi changa hulainika na kutoka, na rangi ya karne tatu hubaki pale pale. Van Meegeren aliacha mafuta ya kawaida akachanganya rangi zake na fenoli na fomaldehidi, dawa zile zile zitengenezazo bakelaiti, plastiki ngumu iliyotumika kwa simu na redio za zamani. Kisha aliioka picha katika tanuri kwa joto lipatalo nyuzi mia za selsiasi au zaidi kidogo, hata ikawa ngumu kama iliyoachwa na mababu. Alinunua turubai za picha duni za karne ya 17, akakwangua picha ya awali na kubakiza nguo na misumari yake. Alisaga jiwe la lazuardi kupata buluu, kama alivyofanya Vermeer. Alizungusha turubai juu ya mti wa mviringo ili nyufa zitokee, akajaza nyufa hizo wino mweusi ufanane na vumbi la miaka. Hiyo ilikuwa kazi ya miaka. Mtu mwenye subira kama hiyo angaliweza kujenga jina lake mwenyewe.

Lakini ujanja wake mkubwa haukuwa wa tanuri. Ulikuwa wa kuwasoma wanaadamu. Picha za Vermeer zinazojulikana ni chache, zipatazo 35 tu, na nyingi ni za watu wa kawaida majumbani mwao: mwanamke anasoma barua, mtumishi anamimina maziwa. Baadhi ya wajuzi walikuwa wakiamini kuwa palikuwapo picha nyengine za mambo ya dini alizozichora ujanani, zikapotea, na kwamba siku moja zingepatikana. Mmoja wao alikuwa Abraham Bredius, aliyewahi kuwa mkuu wa jumba la Mauritshuis, mtu ambaye neno lake lilikuwa kama hukumu. Van Meegeren hakuchora picha iliyofanana na Vermeer aliyejulikana. Alichora ile iliyotamaniwa: Yesu, ambaye sisi twamwita Nabii Isa, akimega mkate mezani pamoja na wanafunzi wake katika kijiji cha Emau.

Mwaka 1937 Bredius alikuwa na umri wa miaka 82. Picha ililetwa kwake na mwanasheria aliyeheshimika katika siasa za nchi, Gerard Boon, ambaye naye alidanganywa: aliambiwa kuwa ni mali ya familia moja iliyokuwa ikiishi katika Italia ya Mussolini, na kwamba jina la familia hiyo lisitajwe kwa hofu ya serikali ya huko. Bredius aliitazama akaona ndoto yake imetimia. Aliandika katika jarida la Burlington la London kuwa hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote za Vermeer. Wahenga wetu walikwisha kulisema jambo hili: ukipenda, chongo huita kengeza. Picha hiyo ilinunuliwa kwa zaidi ya gulda 500,000, zilizochangwa na chama cha wapenzi wa sanaa pamoja na matajiri, ikatolewa kwa jumba la makumbusho la Boijmans, Rotterdam, na mwaka 1938 watu walipanga foleni kuiona.

Lipo jambo jengine la kuzingatiwa hapa. Mawakala wa kampuni ya Duveen, wafanyabiashara wakubwa wa picha, waliiona Paris mwaka huo huo 1937, wakapeleka simu kwa wakubwa wao New York kuwa ni ya kughushi. Basi waliojua walikuwapo. Ila waliyajua kwa faida ya duka lao: walijiepusha kuinunua, wakanyamaza. Ushahidi uliozuiliwa mfukoni haumsaidii mwananchi hata kidogo.

Sasa turejee kwenye hoja ya kisasi. Kama van Meegeren alikusudia kuwaaibisha wahakiki, siku yake ilikuwa hiyo ya 1938. Picha imetundikwa, wajuzi wamesema, umma umekusanyika. Angesimama akasema: "Hii ni yangu." Hakusema. Alichukua fedha, akachora nyengine, na nyengine, na nyengine: Karamu ya Mwisho, Kichwa cha Kristo, Isaka akimbariki Yakobo, Kuoshwa kwa Miguu. Alijipatia mamilioni ya gulda, akanunua nyumba nyingi, akaishi katika jumba la fahari kando ya mfereji wa Keizersgracht, Amsterdam, akizama katika ulevi na mofini. Isitoshe, utafiti wa Jonathan Lopez, uliotolewa kitabuni mwaka 2008, umeonyesha kwamba alikuwa ndani ya biashara ya picha za kughushi The Hague tangu miaka ya 1920, wakati ule ule nishani zake zikiwa bado mpya. Basi kisasi hakikuwa chanzo cha wizi. Kisasi kilikuwa ni vazi ambalo wizi ulivishwa baadaye ulipotakiwa kwenda mahkamani.

Mwezi Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Uholanzi. Mwaka 1943 picha ya Kuoshwa kwa Miguu ililetwa mbele ya wajumbe walioteuliwa kuishauri serikali. Baadhi yao walikuwa na shaka; picha ni mbaya, nyuso ni nzito, mikono imelegea. Lakini walihofu kuwa wao wasipoinunua itachukuliwa na Wajerumani. Wakainunua kwa ajili ya Rijksmuseum, jumba kubwa la taifa, kwa kiasi cha gulda milioni moja na robo za umma. Uzalendo wao ulikuwa wa kweli, nao ulitumiwa kama ndoana. Picha nyengine, Kristo na Mwanamke Mzinifu, ilifika kwa Hermann Göring, mtu wa pili kwa ukubwa baada ya Hitler, kupitia kwa dalali Alois Miedl. Bei ilikuwa gulda 1,650,000, na Göring aliilipa kwa kubadilisha picha 137 alizokuwa nazo.

Vita vilipokwisha, picha ile ilionekana katika mali za Göring, ikafuatiliwa mkono kwa mkono hata kwa van Meegeren. Alikamatwa tarehe 29 Mei 1945 kwa kosa la kumuuzia adui hazina ya taifa, kosa zito kupita kiasi katika siku zile. Baada ya wiki kadhaa kifungoni, mwezi Julai, alikiri kuwa picha hiyo si ya Vermeer, ni yake, na hata ile ya Emau ni yake. Wengi hawakumwamini. Akapewa rangi na turubai, na mbele ya walinzi akachora picha nyengine, ya kijana Yesu miongoni mwa wanazuoni. Kamati ya wataalamu iliyoongozwa na mkemia wa Kibelgiji, Paul Coremans, ikazichunguza picha zote na kuthibitisha. Miongoni mwa dalili walizoziona katika picha aliyouziwa Göring ni buluu ya kobalti, rangi ambayo haikuwapo duniani hadi karne ya 19. Mghushi aliyesaga lazuardi kwa miaka alijisahau, akatia rangi ya dukani.

Kesi ilisikilizwa Amsterdam tarehe 29 Oktoba 1947, katika chumba kilichotundikwa picha zake ukutani. Shitaka la kumsaidia adui lilikwisha kuondolewa. Likabaki la kughushi na kudanganya. Tarehe 12 Novemba alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Hakukitumikia, moyo ulimwangusha, akafa tarehe 30 Desemba 1947, akiwa na umri wa miaka 58. Alikufa akiwa kipenzi cha watu. Umma ulimwita mjanja aliyemlaghai Göring. Wapo wasemao hata leo kwamba aliiokolea nchi picha 137 kwa picha moja ya uongo.

Ndugu msomaji, hoja hiyo haina budi kujibiwa, maana ndiyo ishikayo nyoyo za vijana. Ni kweli picha 137 zilirudi mikononi mwa Waholanzi. Lakini hapana dalili kwamba van Meegeren alikusudia hivyo. Alichokusudia ni malipo. Mwezi ule ule wa Julai 1945 gazeti moja la Uholanzi lilitoa habari kuwa katika jengo la utawala wa Hitler, Berlin, kilikutikana kitabu cha michoro ya van Meegeren, kilichochapishwa wakati wa uvamizi, kikiwa na maneno ya kumtunukia Hitler kwa shukrani na saini ya mchoraji chini yake. Mwenyewe alisema saini ni yake, lakini maneno yameandikwa na mtu mwengine. Aliyekula maisha yake yote kwa saini za uongo alitaka sasa aaminiwe juu ya saini ya kweli. Na katika majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, raia wapatao 20,000 wa Uholanzi walipokufa kwa njaa, na wengine wakila vitunguu vya maua, mtu huyu alikuwa akiishi maisha ya anasa. Huyo siye mkombozi.

Kwa nini basi watu walimpenda? Naona sababu ni kuwa walimhitaji. Taifa lililokaa miaka mitano chini ya buti la mgeni, ambamo wengi walinyamaza na baadhi walishirikiana, lilitaka mtu mmoja aliyemcheka adui. Van Meegeren akawachorea mtu huyo. Hiyo ndiyo picha yake ya mwisho, nayo iliuzwa ghali kuliko zote, kwa kuwa wanunuzi walikuwa wananchi wote. Alimpa Bredius Vermeer aliyemtamani, akawapa watu wake shujaa waliyemtamani. Mghushi hafanikiwi kwa ustadi wa mkono peke yake. Hufanikiwa anapokijua unachokitaka kabla hujakisema.

Nayasema haya, nami sina haki ya kumcheka Bredius. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa katika kamati moja ya kusuluhisha ugomvi wa mikarafuu baina ya bibi mmoja mjane na jirani yake. Kwetu, kama mjuavyo, ardhi yaweza kuwa ya mmoja na miti ikawa ya mwengine. Jirani alileta hati ya mauziano ya mwaka 1958, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, karatasi imegeuka rangi, pembe zimeliwa na mende. Katika kamati ile mimi peke yangu ndiye niliyeweza kuisoma. Niliisoma kwa sauti, kwa madaha, na wenzangu wakanitazama kwa heshima. Nikasema hati ni ya kale na ni sahihi. Bibi yule alilia, akasema mumewe hakuuza hata mti mmoja. Tukamnyamazisha kwa upole, kama wanyamazishwavyo wajane.

Misimu miwili ya karafuu ilipita. Kisha mzee mmoja, karani wa zamani, aliomba aione hati. Aliisoma mara moja akaniuliza: "Mwanangu, mwaka 1958 palikuwa na mkoa wapi hapa?" Ndani ya hati palitajwa "mkoa". Enzi zile tulikuwa na mudiria na mudiri wake. Mikoa imekuja baada ya Mapinduzi ya 1964. Neno lile lilikuwa ndiyo buluu ya kobalti, nami nililisoma kwa sauti yangu mwenyewe bila ya kulisikia. Karatasi ilichovywa katika chai ya mkandaa na kuanikwa. Na herufi za Kiarabu zilichaguliwa kwa kuwa mwenye hila alikwisha kujua nani atakaa katika kiti kile, na nini kitamfurahisha. Miti ilirudi kwa mwenyewe, lakini mavuno ya misimu miwili hayakurudi, na bibi yule hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Mimi sikughushi. Mimi nilimsomea mghushi hati yake.

Tulipokuwa wadogo tulifundishwa kwamba wanazuoni wa hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie, hawakutosheka na uzuri wa maneno. Palikuwa na waongo waliotunga maneno mazuri ya wema na ucha Mungu, wakayanasibisha kwa Mtume. Maneno yalipendeza masikioni, na yalihimiza kheri. Lakini wanazuoni waliuliza: umeipata kwa nani? Naye kwa nani? Je, wawili hao walikutana? Waliishi zama moja, mji mmoja? Alikuwa mkweli, alikuwa na hifadhi? Hiyo ndiyo isnadi, mnyororo wa wapokezi. Mnyororo ukikatika, matini hata yawe mazuri namna gani hayabebi hukumu. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alisafiri miji na miji kwa ajili ya uchunguzi huo. Picha ya Emau haikuwa na isnadi. Ilikuwa na matini tu, na kisa cha familia isiyotajwa jina. Lau Bredius angalimuuliza mwanasheria yule swali moja ambalo mwanafunzi wa dini huulizwa, na akashikilia ajibiwe, mambo yangaliishia pale mlangoni.

Kwa hiyo nina maneno machache kwa ndugu zangu watendaji, na kwa wananchi waliowapa dhamana.

La kwanza, hati isitazamwe uso wake tu. Iulizwe njia iliyopitia. Ilikuwa kwa nani, imetokaje, nani aliiona kabla ya leo? Anayesema jina la mwenye mali haliwezi kutajwa, huyo amekwisha kujibu. Na anayekuambia kuwa ni wewe pekee uwezaye kuisoma, basi itie mkononi mwa mwengine siku hiyo hiyo.

La pili, shaka ya mjumbe iandikwe katika kumbukumbu za kikao, wala isimezwe na haraka. Wajumbe wa 1943 walikuwa na shaka, wakaizika kwa jina la taifa, na taifa ndilo lililolipa. Mara nyingi tunaambiwa kuwa jambo lipitishwe leo, kesho nafasi itapotea. Nafasi isiyoweza kungoja uchunguzi, aghalabu si nafasi.

La tatu, kosa likigunduliwa likiriwe. Yuko tajiri wa Rotterdam, Daniël van Beuningen, aliyekuwa na picha ya Karamu ya Mwisho. Baada ya mghushi kukiri na wataalamu kuthibitisha, yeye alishikilia kuwa ni ya Vermeer, akamfungulia Coremans mashitaka. Alikufa mwaka 1955 kabla ya hukumu, na hukumu ikampa haki Coremans. Mwaka 1968 uchunguzi wa mnururisho wa risasi nyeupe iliyomo katika rangi ulimaliza ubishi: risasi hiyo ilikuwa imeyeyushwa kutoka katika madini yake katika karne ya 20. Mtu huyo aliona afadhali amiliki uongo wa thamani kuliko kukubali kwamba amedanganywa. Wako wenye vyeo namna hiyo, nao huwagharimu wananchi kuliko waghushi wenyewe. Jumba la Boijmans halikufanya hivyo. Picha ya Emau wanayo hata leo, kwa jina la van Meegeren, na wameionyesha kwa umma ili watu wajifunze.

La nne ni kwa vijana. Kuiga si dhambi. Kila fundi hujifunza kwa kuiga. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, na hadi leo vichochoroni mwa Mji Mkongwe wamo vijana wanaochora kwa mtindo alioanzisha yeye, wakatia majina yao wenyewe pembeni, wakauza na kula halali. Hao hawakumdhulumu maiti wala mnunuzi. Baina yao na van Meegeren pana tofauti ya jina moja dogo pembeni ya picha, na tofauti hiyo ndiyo uaminifu wenyewe. Nasi wenye madaraka tusijifanye hatuhusiki: kijana mwenye kipaji asiyetazamwa na mtu hana udhuru wa kughushi, lakini sisi pia hatuna udhuru wa kutomtazama.

Nabakiwa na swali la mzee wetu wa baraza. Jina la Vermeer lilikuwaje? Kwa muda upatao miaka kumi lilibebeshwa mzigo usiokuwa wake. Wanafunzi walifundishwa kuwa hizo nyuso nzito na mikono iliyolegea ni kilele cha kazi yake, na walioziona kazi zake za kweli walianza kuzipima kwa uongo. Mwaka 2023 Rijksmuseum ilikusanya picha zake 28 kutoka nchi mbalimbali, na watu walikwenda kumwona kama alivyo: mtumishi anamimina maziwa, mwanamke anasoma barua. Yeye amerudishiwa jina lake. Mjane wa mikarafuu hakurudishiwa mavuno yake, na katika kamati zetu wako wengine wanaongoja. Basi leo tena, ikiletwa mezani karatasi nzuri iliyogeuka rangi, na itakapokuja zamu yako ya kusema, uliza kwanza: imepokewa kwa nani?